Sikio la Kushoto la Kengele

2 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha leo. Bati juu ya chumba changu cha kazi limeanza makelele yake ya kila mwaka, nami nimeandika barua ya tisa kuomba tuwekewe dari. Kupima masikio ya watu chini ya bati wakati wa mvua ni sawa na kusoma kitabu ndani ya maji. Nimebakiza miezi miwili nistaafu. Dari itanishinda.

3 Machi
Mama mmoja amemleta mumewe, akidai kuwa mzee amekuwa kiziwi wa kupindukia. Masikio ya mzee ni mazima. Aliniomba kwa macho nisiseme. Nimesema.

4 Machi
Daktari wa masikio ameniletea wanafunzi watatu. Nimewafundisha swali la kwanza, ambalo nimemwuliza kila mgonjwa kwa miaka thelathini na mmoja: tangu lini? Sikio lililopungua kwa miaka kumi halina haraka. Sikio lililozimika ghafla ni nyumba inayoungua: lina siku kumi na nne za dawa, na baada ya hapo unazoa majivu. Hawakuandika. Nimewaandikisha.

6 Machi
Mvua mchana kutwa, wagonjwa wawili tu. Nina nafasi ya kuandika juu ya nyumbani.

Binti wa marehemu mdogo wangu amekuwa binti yangu tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na minne. Anachora ramani za nyumba, na mkono wake hautetemeki kwenye mstari. Hutetemeka kwenye kitasa cha mlango wa chumba chenye watu. Ameacha kazi katika ofisi mbili kwa sababu ile ile: aliingia, wakanyamaza. Watu hunyamaza kwa sababu elfu. Wamemaliza hadithi, wanatafuna, wamechoka. Yeye anaijua moja tu. Siku hizi anachorea chumbani mwake na kula humo humo. Nikikaa kimya nikisoma gazeti, huchungulia mlangoni na kuuliza, "Mama Mkubwa, nimekosa nini?" Leo ameuliza mara nne.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano, katika shule ya bweni, wasichana wanne wa chumba chake walikubaliana wasiseme naye. Hawakuwa maadui. Walikuwa rafiki zake, wale waliokuwa wakisukana nywele na kulala vitanda viwili vilivyounganishwa. Sheria yao, iliyotungwa na kiongozi wao waliyemwita Kengele, ilikuwa kwamba atakayemjibu naye atanyamaziwa. Hakuna aliyemwambia kosa lake. Daftari lake la muhula ule ninalo kabatini. Kwenye jalada la ndani ameandika: "Kengele amesema hadi tufunge shule." Chini yake kuna vijiti vya penseli, kimoja kwa kila siku. Nimevihesabu mara nyingi. Ni sabini na kimoja.

9 Machi
Leo Kengele ameingia chumbani kwangu kwa miguu yake.

Karani wa mapokezi alinipa kadi ya mgonjwa mpya, akisema ni msichana aliyepata kazi ya udereva wa gari la wagonjwa. Kazi hiyo inataka cheti cha masikio mawili mazima, kwa sababu mwenye sikio moja husikia honi lakini hajui inatoka upande gani. Kabla sijaisoma kadi nilisikia sauti kwenye korido, nikaijua. Miaka tisa haijaipunguza. Ndiyo sauti iliyompa lile jina.

Naye alinijua. "Shikamoo, Mama. Si wewe Mama Mkubwa wa Kifutio? Tulikuwa tunakula chakula chako siku ya wazazi mpaka tunalamba sufuria." Kifutio ni jina walilompa binti yangu, kwa kuwa alikuwa akichora na kufuta, akichora na kufuta. Niliitikia marahaba. Aliuliza kama Kifutio hajambo, nikasema hajambo. Akatabasamu kama mtu aliyekumbuka jambo jema.

"Alikuwa mkimya sana yule," akasema.

Nililaza kadi mezani, maandishi yakiangalia chini. Nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anaukumbuka muhula ule ambao chumba kizima hakikusema naye. Alikunja uso akafikiri. Alifikiri kwa kweli, sikuona hila.

"Aa, ule mchezo. Ilikuwa wiki moja, labda mbili. Mambo ya ndoo ya maji, nadhani. Utoto tu, Mama."

Siku sabini na moja, na yeye anakumbuka ndoo.

Mvua ilikuwa kubwa, na huo ni ukweli. Nilimwonyesha bati kwa kidole, nikamwambia arudi tarehe 12. Alitaka kuongeza jambo na akaligusa sikio la kushoto, lakini mimi nilikwisha kumfungulia mlango.

12 Machi
Manyunyu tu. Ningeweza kumpima. Nilimwambia kwamba bati linapiga kelele, arudi tarehe 17. Mbali na hilo sikumwambia neno. Nimeamua kuwa nitasema naye yale tu ambayo kazi inalazimisha, nayo ni machache kuliko watu wanavyodhani. Mashine nyingine kama yangu iko safari ya siku nzima kutoka hapa, na hana gari bado.

Jioni nilimweleza binti yangu kupitia mlangoni mwake. Nilidhani atajifunika shuka. Aliufungua mlango akasimama.

"Umemrudisha?"

"Mara mbili."

Akataka kujua alivaa nini.

13 Machi
Amekula mezani. Mara ya kwanza tangu mwaka jana. Alitaka nirudie jinsi Kengele alivyosimama, alivyoshika mkoba, uso ulivyoshuka nilipomwambia arudi. Nilirudia. Akaongeza chakula.

15 Machi
Mvua. Amefua mapazia.

17 Machi
Jua kali, bati kimya kama kaburi. Kengele alifika kabla ya karani. Nilimwambia kuwa mashine inarekebishwa. Ilikuwa nyuma yangu, taa yake ya kijani ikiwaka. Aliiangalia taa, akaniangalia mimi, akasema sawa, Mama. Zamani alikuwa mtu wa kubishana hata na ukuta.

Sikuwahi kusema uongo kazini. Nimeshangaa jinsi ulivyo mwepesi.

18 Machi
Karani, ambaye mdomo wake haujui likizo, ameniuliza kama yule dereva amenikanyaga mguu, maana namzungusha kama mlango wa benki. Nilimwambia aangalie faili zake.

20 Machi
Binti yangu ametoka mwenyewe hadi dukani na kurudi na kalamu mpya. Analala. Analala hasa, namsikia akikoroma kama marehemu mama yake. Leo aliuliza "nimekosa nini" mara moja tu, kisha akajicheka. Kila jioni, hata kabla sijavua viatu, husema, "Haya, Mama Mkubwa. Leo je?" Miaka tisa nimempeleka kwa washauri, kwa wataalamu wa akili, nimemnunulia vidonge vya rangi zote. Kumbe dawa yake ilikuwa hii, nami ndiye niliyeishika mkononi.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Na uwe mtamu.

24 Machi
Kengele amekuja na barua ya mwajiri. Asipopeleka cheti kabla ya tarehe 5 Aprili, nafasi inapewa mwingine. Alinisihi. Alisema akiwa amegeuza kichwa, shavu la kulia mbele, kama ndege anayetazama punje. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja; najua maana ya mtu kugeuza kichwa hivyo. Niliona. Nilijiambia kuwa ni maringo.

Nimempangia tarehe 2. Nataka aikaribie siku ya mwisho na kuiona kwa macho.

29 Machi
Mvua. Binti yangu amepigiwa simu na ofisi ya wapima ardhi. Wanataka mchoraji. Amesema atafikiri. Zamani angekata simu.

2 Aprili
Nimemaliza kula sasa hivi, na lazima niandike yote kwa utaratibu.

Kengele alikuja saa tatu. Mvua haikuwepo. Nilimwingiza kwenye kibanda cha kupimia, nikamvisha hedifoni, nikampa kitufe na maelezo yale yale ya kila mtu: ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo kama wa mbu, bonyeza. Nikafunga ule mlango mzito. Kuna dirisha dogo la kioo. Mimi namwona, yeye anauona mkono wangu tu.

Katika kila kipimo naacha vipande vya kimya, ili nimnase anayebonyeza kwa kubahatisha. Sekunde tano, sita. Leo nilikuwa nimepanga kimya changu mwenyewe. Niliinua mkono kama ninayeanza, na sikupiga mlio wowote. Dakika moja. Dakika mbili. Alikaa wima, kidole juu ya kitufe, macho yakitafuta. Dakika tatu. Alisogeza hedifoni. Alijaribu kutabasamu kuelekea kioo. Nilikuwa nikivikumbuka vile vijiti vya penseli na nilikuwa na furaha, naandika neno hilo kwa kuwa ndilo sahihi.

Kwenye dakika ya nne sauti yake ilikuja kupitia kipaza sauti, ndogo, si ya Kengele hata kidogo.

"Mama, nimekosa nini?"

Akauliza tena, "Mama? Nimekosa?"

Nilipiga mlio. Sikio la kulia lilikuwa safi. Nikahamia la kushoto, la kulia nikiliziba kwa mvumo ili lisisaidie: hakubonyeza. Nikaongeza. Hakubonyeza. Niliongeza hadi pale ambapo mtu mzima angeruka kitini, na alikuwa amekaa tu, akisubiri kwa utiifu.

Nilifungua mlango na ndipo, baada ya siku ishirini na nne tangu aje kwangu, nikamwuliza: tangu lini?

"Tangu tarehe saba, Mama. Mwezi uliopita. Niliamka asubuhi nikahisi kama kuna pamba. Nilimwambia dada wa mapokezi, akaandika kwenye kadi. Nikadhani ni uchafu, nikadhani mkisafisha mtanipa cheti siku hiyo hiyo."

Niliigeuza kadi. Mwandiko wa karani ni mbaya, lakini unasomeka: sikio la kushoto limeziba ghafla tangu tarehe 7. Siku alipofika mara ya kwanza, nyumba ilikuwa ndiyo kwanza inashika moto. Ile tarehe 17, mbele ya taa ya kijani, bado maji yangefaa.

Nilimshika mkono tukaenda kwa Daktari karibu tunakimbia. Daktari alisoma karatasi, akauliza alikuja lini kwa mara ya kwanza. Nikasema tarehe 9.

"Na kwa nini kipimo ni leo? Mvua?"

Alikuwa ananinyooshea mwavuli, kwani tumefanya kazi pamoja muda mrefu. Nilisema kwa sauti ya chini, "Siku moja ilikuwa mvua. Zilizobaki nilikuwa mimi."

Daktari alivua miwani. Kengele alikuwa amekaa kati yetu, sikio la kushoto likinielekea. Hakusikia. Alikuwa akitazama mabango ya ukutani.

Amepewa vidonge, na sindano ya kuchomwa ndani ya sikio. Daktari hakuahidi kitu.

Nyumbani binti yangu alikuwa mezani, sahani mbili zimewekwa. "Haya, Mama Mkubwa. Leo je?" Nilimweleza yote, pamoja na kadi. Aliweka kijiko chini.

"Limekufa?"

"Huenda."

"Kabisa?"

"Huenda."

Alifikiri. Kisha akasema polepole, "Basi naye ataingia chumbani mwa watu asijue nani anasema na nani amenyamaza." Akakishika kijiko akamaliza sahani yake.

Nimemlisha hiki tangu tarehe 12 Machi. Sina haki ya kushangaa kwamba amekipenda.

5 Aprili
Nafasi ya udereva imekwenda. Kengele alikuja kuchomwa sindano. Nilimngojea nje ya chumba cha Daktari, nikakaa upande wake wa kulia, nikamwambia: mvua ilikuwa siku moja tu, mashine haikuharibika, sikusoma kadi kwa sababu sikutaka kusoma, na sababu ni ile ndoo ya maji. Nilimwambia idadi ya siku. Nilimwambia kuhusu mlango, sahani ya chumbani, kazi mbili.

Aliikunja karatasi ya miadi mara mbili, mara nne. Nilidhani hakusikia, nikaanza kurudia.

"Nimekusikia," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano, Mama. Wewe una mingapi?"

"Sitini."

"Nitakushtaki."

Nilimwambia kuwa ni haki yake. Fomu ya malalamiko iko kwenye ofisi ya utawala, dirisha la pili. Alirudi nayo akaijaza pale pale, kwa hasira, akisukuma kalamu hadi karatasi ikatoboka. Aliniuliza kwa ukali atie sahihi wapi. Nilimwonyesha.

6 Aprili
Karani amelia. Anasema, "Mimi niliandika, Mama. Niliandika." Nimemwambia kweli, aliandika.

8 Aprili
Mvua ya mawe. Binti yangu amerudi chumbani na sahani yake. Nilisimama mlangoni.

"Ulifanya kwa ajili yangu?" akauliza kutoka ndani.

"Ndiyo."

"Sikukuomba."

"Ulikuwa unakula mezani."

Baadaye nilisikia kifutio kikikwaruza karatasi, muda mrefu kuliko mchoro wowote unavyohitaji.

10 Aprili
Kuna jambo nimeliruka katika shajara hii, na nimelijua kila nilipoliruka. Katika wiki ya pili ya muhula ule, binti yangu alinipigia kwa simu ya shule. Alisema, "Mama Mkubwa, hakuna anayesema nami." Nilikuwa na mgonjwa anangoja. Nilimjibu, "Umekwenda kusoma, hukwenda kupiga soga," nikakata. Hakupiga tena. Kwenye daftari lake vijiti kumi na moja vya kwanza vimechorwa kwa unyoofu. Kuanzia cha kumi na mbili vinalala.

Kwa hiyo walionyamaza walikuwa watano. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mshahara, na kazi yake ilikuwa masikio.

13 Aprili
Uongozi umenisimamisha kupima. Nasafisha mashine na kupanga faili hadi siku yangu ya mwisho. Sikukata rufaa.

16 Aprili
Daktari amempima Kengele mwenyewe. Milio minene imerudi kidogo. Ile myembamba, ambayo ndiyo inayobeba maneno ya watu, haipo, na hatarajii kuiona tena.

17 Aprili
Nilimpa binti yangu matokeo hayo kupitia mlangoni. Nikamweleza pia habari za ile simu, kwamba naikumbuka. Aliufungua mlango. Aliniangalia kama anavyoangalia mstari uliochorwa vibaya, akipima kama utafutika.

"Nilidhani umesahau," akasema. "Ningekusamehe kama ungekuwa umesahau."

20 Aprili
Mvua.

21 Aprili
Mvua. Mlango wake umefungwa. Leo mimi ndiye niliyesimama nje nikauliza nimekosa nini, ingawa nalijua jibu.

26 Aprili
Amewapigia wapima ardhi. Nafasi bado ipo. Hakuniambia, nilimsikia. Baada ya kukata simu alitapika, kisha akaosha uso akachonga penseli sita.

30 Aprili
Siku yangu ya mwisho kazini. Mafundi walifika asubuhi na mbao za dari. Walianza kupima kabla sijamaliza kukusanya vitu vyangu.

Saa nne binti yangu alitokea kwenye korido. Hajawahi kufika hapa. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini, na alikuwa ameshika lile daftari. Sikumwambia kwamba leo Kengele ana miadi na Daktari. Aliuliza kwa karani, na karani husema kila kitu.

Kengele alikuwa kwenye benchi peke yake, anaangalia simu. Nilisimama mlangoni kwangu, sanduku mikononi. Binti yangu aliwapita wagonjwa wote waliokuwa wamenyamaza, sijui kwa sababu gani kati ya zile elfu, akaketi kwenye benchi, upande wa kushoto.

Kengele hakugeuka. Hakujua kuwa kuna mtu.

Nikaiona midomo ya binti yangu ikianza kusema. Alisema kwa mnong'ono, akiangalia mbele, bila kuinua mkono, bila kukunja uso. Alisema kwa muda mrefu. Fundi alipigilia misumari miwili, akashuka ngazi, akapanda tena, naye bado alikuwa anasema, kwenye lile sikio, na Kengele alikuwa akisukuma picha kwa kidole gumba na kutabasamu kidogo peke yake. Kila neno lilimfikia, na hakuna lililoingia. Sikuwahi kumwona binti yangu na uso ule. Ulikuwa uso wa mtu anayelipwa.

Kisha akanyamaza. Alilifungua daftari kwenye jalada la ndani, akalitazama, akalifunga.

Akasimama, akazunguka benchi, akaketi upande wa kulia.

Kengele aligeuza kichwa.